Nani Alimwona Hae-mi? Mhadhara juu ya Filamu ya Burning na Watazamaji Wake



Nianze na maneno niliyoyasikia mlangoni, filamu ikiwa haijaisha. "Mwalimu, hii muvi haina steringi." Aliyesema ni kijana fundi wa pikipiki. Alikuwa amekaa viti vya nyuma kwa saa nzima na zaidi, kisha akainuka taratibu asiwasumbue wenzake. Hakusema kwa dharau. Alisikitika, kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta sufuria hata haijainjikwa. Tangu siku ile nimekuwa nikimjibu moyoni, na leo nataka kumjibu mbele ya watu.

Filamu yenyewe ni Burning, kutoka Korea Kusini, ya mwaka 2018, yenye dakika 148. Aliyeiongoza ni Lee Chang-dong, mtu aliyekuwa mwalimu wa sekondari, akawa mwandishi wa riwaya, na filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe ikatoka mwaka 1997, akiwa ameshapita miaka arobaini. Kati ya mwaka 2003 na 2004 alikuwa waziri wa utamaduni na utalii wa nchi yake. Kabla ya Burning alikaa miaka minane bila kutoa filamu yoyote. Nayataja haya kwa sababu moja: mtu wa namna hii hachelewi kwa bahati mbaya. Kama filamu yake inakwenda polepole, basi amekusudia iende hivyo, na sisi tunayo haki ya kumuuliza amekusudia nini.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Jong-su ni kijana aliyesomea uandishi, anaishi kwa vibarua, na nyumba ya baba yake iko Paju, mahali palipo karibu na mpaka wa Korea Kaskazini kiasi kwamba vipaza sauti vya propaganda kutoka ng'ambo vinasikika uani. Siku moja mjini anakutana na Hae-mi, msichana waliyekua naye kijiji kimoja, ambaye sasa kazi yake ni kucheza mbele ya duka ili kuvuta wateja. Wanaanza uhusiano. Hae-mi anamwomba amlishie paka wake wakati yeye yuko safarini Afrika, na anarudi akiongozana na Ben, kijana tajiri, mtanashati, mwenye gari la Porsche na nyumba ya kifahari, na ambaye kazi yake haijulikani. Jioni moja Ben anamweleza Jong-su siri: kila baada ya miezi miwili hivi huchagua kitalu nyumba kimoja, yale mabanda ya nailoni ya kuoteshea mboga, akakichoma moto. Na kijacho, anasema, kiko karibu sana na hapa. Baada ya hapo Hae-mi anatoweka. Kila alfajiri Jong-su anakimbia kuzunguka vitalu vya kijijini kwao. Hakuna hata kimoja kilichoungua.

Msingi wa kisa hiki ni hadithi fupi ya Haruki Murakami ya mwaka 1983. Lee alichanganya humo na hadithi ya William Faulkner ya mwaka 1939 yenye jina linalofanana na hilo, ambayo ni ya baba mwenye hasira na mwanawe. Ndiyo maana baba yake Jong-su yuko mahakamani muda wote wa filamu, na urithi aliomwachia mwanawe ni ng'ombe na visu.

Nimeionyesha filamu hii mara tatu mbele ya watu, na kila mara nikajifunza jambo jingine.

Mara ya kwanza niliona wengi wa niliowaalika hawapendi kuhangaika na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini, nikamwomba kijana anayetafsiri muvi kwenye kibanda umiza cha mtaani aje na kipaza sauti chake. Wenye umri wangu mnaijua sanaa hii. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na Uganda wanao wao wengi. Mtafsiri wa kibandani hafasiri maneno peke yake. Anakwambia nani mbaya na nani mwongo, anatia methali, anamkemea jambazi kwa niaba ya ukumbi mzima, na pale filamu inaponyamaza yeye anaongea, kwa sababu ukimya kibandani ni sawa na umeme kukatika. Naiheshimu kazi hii. Ni ndugu wa karibu wa mtambaji wa ngano, na imewapa sinema watu ambao wasambazaji wakubwa hawakuwafikiria kamwe.

Kwa nusu saa kijana wetu alipata shida. Mtu anamenya chungwa, na chungwa lenyewe halipo, ni mikono tu inayoigiza kumenya. Mtu analisha paka asiyeonekana. Atasema nini? Kisha wakafika uwanja wa ndege, Hae-mi anatoka na Ben pembeni yake, na kijana akapumua kwa nguvu kwenye kipaza sauti: "Haya, jambazi kaingia!" Ukumbi ukachangamka. Tangu dakika ile kila Ben alipotabasamu watu waliguna, na Hae-mi alipotoweka hakuna aliyeshtuka, maana walishaambiwa. Baadaye nilipouliza maoni, wote walisema neno moja: Ben kamuua. Mjadala ulikwisha chai ikiwa bado ya moto.

Mara ya pili nilimwomba mwalimu mwenzangu, mama mtulivu, awasomee watu tafsiri ya maneno kama yalivyo, bila kuongeza chumvi. Filamu ilikuwa ileile, mashine ileile, na baadhi ya watu walikuwa walewale. Safari hii tulibishana hadi mwenye ukumbi akaja na funguo mkononi.

Hapo ndipo nilipoelewa kile anachokifanya Lee. Katika darasa la fasihi tunafundisha neno taharuki: hali ya msomaji kutaka kujua litakalofuata. Bingwa wa taharuki katika sinema, Alfred Hitchcock, aliwahi kumweleza François Truffaut kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanakaa wanazungumza, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji anapata mshtuko wa sekunde 15. Lakini ukimwonyesha mtazamaji bomu mapema, mazungumzo yaleyale ya kawaida yatamtesa kwa dakika 15. Angalia kwamba Hitchcock anampa mtazamaji elimu ambayo wahusika hawana. Lee anafanya kinyume. Anatunyima elimu hiyo. Anatuonyesha meza, watu na mazungumzo, anatuachia harufu ya moto, na kuhusu bomu hasemi lolote. Mtafsiri wetu, kwa nia njema kabisa, aliinama chini ya meza akawatangazia watu kuwa bomu liko.

Wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alitupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na tangu hapo tunajua mpelelezi mwenye kiko chake atakapofikia: atawakusanya wahusika, atafungua fumbo fundo kwa fundo, na sisi tutalala tumeridhika. Ni raha kubwa ile, na sitaki mtu adhani naibeza. Lakini ilipofika miaka ya 1990 Kezilahabi, katika Nagona na Mzingile, alishatuzoesha pia kisa ambacho hakuna atakayekuja kukifungua. Kwa hiyo filamu hii haitukuti wageni kabisa wa jambo hili.

Nimewasikia wasomi wenzangu wakisema watu wetu hawana subira ya filamu za polepole. Kauli hii inaniudhi, na nitasema kwa nini. Mama anayefuatilia tamthilia ya Kikorea au ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, jioni baada ya jioni kwa miezi, akijua kila mhusika na ukoo wake, huyo hana subira? Waliokuwa wakikesha kusikiliza utenzi mrefu ukighaniwa, hawakuwa na subira? Subira tunayo tele. Kinachotofautiana ni ahadi. Tamthilia imekuahidi kwamba siri itafichuka, hata kama ni sehemu ya mia. Mtambaji anayeanza kwa paukwa amekuahidi kwamba kisa kitafika mwisho. Lee hakuahidi chochote, na mtu asiyeahidiwa ana haki ya kuinuka. Isitoshe, nyumbani kwao kwenyewe Korea filamu hii haikujaza kumbi. Tiketi zilizouzwa hazikufika milioni moja. Kule Cannes, wahakiki katika jedwali la alama la jarida la Screen International waliipa 3.8 kati ya 4, alama ambayo hakuna filamu iliyokuwa imewahi kuifikia katika jedwali hilo, na chama cha kimataifa cha wahakiki kikaipa tuzo yake. Jopo rasmi la majaji lililoongozwa na Cate Blanchett halikuipa tuzo hata moja, na zawadi kuu ikaenda kwa Shoplifters ya Hirokazu Kore-eda wa Japani. Basi tusiwasingizie mafundi pikipiki wetu. Hata Ufaransa, katika jumba moja na wiki moja, watu wazoefu wa kazi hii hawakukubaliana.

Sasa turudi kwenye ubishi wa usiku ule wa pili, maana ndio hasa ulionileta hapa.

Mwanafunzi mmoja wa sheria alikuwa ameandika ushahidi kwenye daftari kama wakili. Saa ya mkononi ya rangi ya waridi, ambayo Jong-su aliipata kwenye bahati nasibu ya duka akampa Hae-mi, au iliyofanana nayo, imeonekana kwenye droo ya choo cha Ben, pamoja na vikorokoro vingine vya kike. Ben ana sanduku la vipodozi. Ben amepata paka mpya asiye na jina, na paka huyo alipokimbilia kwenye maegesho, Jong-su akamwita kwa jina la paka wa Hae-mi, akaja. Ben anapiga miayo msichana mwingine anaposimulia habari zake mbele ya wageni, miayo ileile aliyoipiga Hae-mi alipokuwa akisimulia zake. "Hakimu gani atamwachia huyu?" aliuliza.

"Hakimu yeyote," alijibu mzee mmoja mstaafu. Saa kama ile zinatolewa na duka kwa mafungu. Paka huja akiitwa kwa sauti ya upole, jina lolote. Kisha mzee akakumbusha kile ambacho wengi wetu tulikipita: Hae-mi mwenyewe alisema anataka kutoweka. Aliporudi safari, wakiwa mezani, alisimulia jinsi alivyokwenda peke yake kutazama jua likizama jangwani, watu wengine wote wako makundi makundi, yeye hana wa kusimama naye, akalia, akatamani naye azame vilevile. Kufa kunamwogopesha, alisema. Angependa tu kupotea kama mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Alikuwa pia na madeni ya kadi za benki. Mtu aliyesema hivyo akitoweka, kwa nini tukimbilie kutafuta muuaji?

Kukawa na sauti ya tatu, mwalimu kijana wa fasihi. Yeye alishika picha moja tu, karibu na mwisho: Jong-su ameketi chumbani kwa Hae-mi anaandika, na kamera inarudi nyuma, inatoka dirishani, inamwacha mdogo ndani ya mji mkubwa. Kila kilichofuata baada ya hapo, alisema, pamoja na kile kisu na gari linaloungua kwenye theluji, ni riwaya ambayo hatimaye Jong-su ameanza kuiandika. Hakuna aliyeuawa isipokuwa karatasini.

Mkiniuliza mimi, naamini Ben alimuua. Naliamini kwa moyo, na ushahidi wa kumfikisha mahakamani sina. Nimejikagua mara nyingi nikagundua imani yangu imesimama juu ya kitu kidogo sana: namna Steven Yeun anavyotabasamu. Yeun alizaliwa Seoul, akakulia Marekani, na katika nafasi ya Ben Kikorea chake ni laini mno, hakina kishindo, kama cha mtu ambaye hajawahi kulazimika kuomba kitu. Nimemhukumu mtu kwa ulaini wa sauti yake na kwa gari lake. Jong-su naye amemhukumu kwa hayohayo.

Lakini maoni yaliyobadilisha filamu hii machoni pangu hayakuhusu Ben. Yalitoka kwa mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa amekaa pembeni kabisa, na ambaye alingoja wasomi wamalize. "Mwanangu," aliniambia, "huyu kijana neno la kwanza kumwambia yule binti ni lipi? Si alimwambia mbaya? Na la mwisho? Malaya. Sasa leo anamtafutia nini?"

Ukumbi ulikaa kimya. Nilikuwa nimeitazama filamu hii zaidi ya mara tano na sikuwahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja. Yote mawili yamo. Hae-mi anamkumbusha Jong-su, mapema kabisa, kwamba walipokuwa watoto wa shule alivuka barabara makusudi kuja kumwambia kuwa ana sura mbaya, na kwamba hilo ndilo jambo pekee aliloongea naye enzi zile. Jong-su hakumbuki. Na la pili tumeliona kwa macho yetu. Ni jioni ileile ya Paju, jua linazama, kuna muziki ambao Miles Davis aliurekodi Paris kwa ajili ya filamu ya Louis Malle. Hae-mi, wameshavuta bangi, anavua blauzi na kucheza ngoma aliyojifunza safarini. Mikono yake kwanza inakuwa ndege, kisha inapanda juu kama inaomba. Muziki unakwisha, yeye anaendelea na upepo tu. Kisha analia. Kamera haimkatizi hata mara moja. Baadaye, Hae-mi akielekea garini, Jong-su anamuuliza kwa nini anavua nguo kirahisi mbele ya wanaume, wanaofanya hivyo ni malaya. Hae-mi hajibu. Anaingia ndani ya gari la Ben. Baada ya hapo anatoweka.

Fundi wa pikipiki aliondoka wakati wa ngoma ile.

Simlaumu, lakini nataka kumwonyesha alichokuwa anapewa. Filamu ya kawaida ya msichana aliyepotea humpoteza katika dakika ya kumi, kisha saa nzima na nusu ni za wanaume wanaomtafuta. Tunajua picha yake kwenye bango, hatujui anavyocheka. Lee amefanya jambo ambalo wauzaji wa filamu wangelikataza: amempa Hae-mi nusu ya filamu. Tunakaa naye chumbani, mezani, barabarani. Tunamwona akisinzia katikati ya mazungumzo. Tunamsikia akieleza namna ya kumenya chungwa lisilokuwapo: usijilazimishe kuamini kwamba lipo, sahau tu kwamba halipo, kisha litake kwa kweli. Jeon Jong-seo, aliyeigiza nafasi hii, hakuwahi kuigiza kwenye filamu kabla ya hapo, na labda ndiyo maana hachezi kama mtu anayejua atatoweka. Yale yanayoitwa uzito na uzembe wa saa ya kwanza ndiyo muda pekee katika maisha ya msichana huyu ambapo mtu fulani, yaani mtazamaji, ameombwa amwangalie.

Na akishatoweka, ubishi wetu wote unapimwa kwa hilo. Ndani ya filamu hakuna anayepiga kelele. Ben anasema kwa utulivu kwamba Hae-mi hana mtu, si familia, si rafiki. Mama na dada wa Hae-mi, wenye mgahawa mdogo, wanamtaka arudi atakapokuwa amelipa madeni. Jong-su haendi polisi. Na kuna suala la kisima. Hae-mi amesimulia kwamba alipokuwa na miaka saba alitumbukia kisimani, akakaa humo saa nyingi akitazama juu, na aliyemwona ni Jong-su. Jong-su anauliza watu. Wa nyumbani kwa Hae-mi wanakana: yule ni mtunga hadithi. Jirani wa zamani hakikumbuki kisima hicho. Kisha mama yake mwenyewe Jong-su, aliyemkimbia utotoni na sasa amezuka akiwa na shida ya fedha, anasema ndiyo, kisima kilikuwapo, kikavu. Kuna nini cha kuamua hapo? Shahidi mmoja asiyeaminika dhidi ya wengi. Niliwauliza watu wa usiku ule wangapi walimwamini Hae-mi kuhusu kisima kabla ya mama yule kusema. Mikono ilikuwa michache, na yule fundi cherehani aliinua wake kabla sijamaliza kuuliza.

Kuna jambo la kwetu ambalo siwezi kuliruka. Safari ya Hae-mi inagusa Nairobi. Anapiga simu akisema amekwama siku tatu kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi kwa sababu ya tahadhari ya ugaidi, na hapo ndipo alipofahamiana na Ben. Jina la Nairobi lilipotajwa, ukumbi wangu ulishangilia kama timu imefunga. Lakini ngoma anayoicheza anasema ni ya watu wa Kalahari, wenye njaa ndogo ambayo ni ya tumbo, na njaa kubwa ambayo ni ya kutaka kujua maana ya maisha. Wasan wa Kalahari wako Botswana, Namibia na Afrika Kusini, umbali wa nchi kadhaa kutoka Nairobi. Kwa mtazamaji wa Seoul au wa Cannes, yote hayo ni Afrika, inatosha. Mtu wa hapa alinyoosha mkono kuuliza: huyu binti kweli alikwenda? Swali hilo sijalisikia kwa mhakiki yeyote wa kule. Wengine wakadai ni uzembe wa kawaida wa mwandishi, Afrika ya kusikia, inayotumiwa kutia rangi huzuni ya mtu mwingine. Nawaunga mkono kwa sehemu: Lee, mwangalifu mno kwa kila kona ya Paju, hapa ameridhika na jumla jumla, na sisi tunaoishi ndani ya jumla hiyo tunaona. Hata hivyo swali la yule mtu limenikaa. Mtazamaji wa Afrika Mashariki amepata shaka juu ya Hae-mi ambayo wengine hawana, na kwa hiyo amewekwa mahali pagumu zaidi: yuko tayari kumwamini mtu ambaye ramani yake haikai sawa?

Mwaka 2005 Michael Haneke alimaliza filamu yake Caché kwa picha ndefu ya ngazi za shule wakati wanafunzi wanatoka. Kamera imetulia mbali, watu wanapishana. Ndani ya msongamano ule vijana wawili, ambao hatukutazamia kwamba wanafahamiana, wanazungumza. Watazamaji wengi waliinuka bila kuwaona. Waliowaona wakapata filamu nyingine kabisa. Niliwahi kudhani huo ni ujanja wa mwongozaji. Sasa naona Haneke na Lee wanatuomba kitu kimoja, na ni kidogo: jicho libaki palipo na mtu hata kama hatujaambiwa kwamba mtu huyo ana umuhimu.

Kwa kijana wangu fundi, kuhusu steringi. Katika lugha ya kibandani steringi hafi, na ndiye tunayemfuata kwa macho popote aendako. Ukumbi mzima ulimtafuta kati ya Jong-su na Ben, kwa sababu ni wanaume wawili, mmoja maskini na mmoja tajiri, na tumezoea kwamba mmoja wao lazima awe ndiye. Jong-su amepewa filamu nzima na bado hatoshi. Nadhani ulikuwa sahihi kwamba nafasi ile iko wazi. Nakuomba uje siku nyingine ukae kidogo zaidi uone nani anaijaza kwa saa ya kwanza, kabla hajaondolewa.

Mara ya tatu niliionyesha kwa ombi la yule mama fundi cherehani, na wenzake wanne wa karakana. Walikuja wakiwa wametoka kazini, nyuzi bado ziko kwenye kanga. Alitaka kuona sehemu moja, na alinieleza ni ipi kabla sijawasha projekta.

Hae-mi anaishi kwenye chumba kidogo cha juu kinachotazama kaskazini. Jua halifiki humo. Amemweleza Jong-su kwamba mara moja kwa siku, kwa muda mfupi sana, mwanga unagonga vioo vya mnara wa Namsan na kurudi hadi chumbani, na ukibahatika utauona. Baadaye kidogo wako pamoja kitandani, na mwanga ule unatokea ukutani, kipande kidogo tu, unatetemeka. Kamera inashika uso wa Jong-su.

Mama akasema rudisha. Nikarudisha. Akasogea karibu na skrini, akanyoosha kidole kwenye macho ya kijana yule.

"Unaona anaangalia wapi?"

Anaangalia ukutani. Nikarudisha tena, na wale wengine wanne wakasogea nao.